Naomba ushauri: marumaru za sebuleni zinabanduka

Habari zenu wakuu. Nyumba yangu ipo Nzuguni, hapa Dodoma. Naweka marumaru mwenyewe kwa sababu hela ya fundi imeingia kwenye dari. Ni zile za sentimita 60 kwa 60. Chumba cha watoto kimekaa vizuri, ila sebuleni ukizigonga baadhi zinatoa sauti ya uwazi, na karibu na mlango zimeshanyanyuka. Nilipobandua moja, saruji yote ilibaki sakafuni, mgongo wa marumaru ukatoka msafi kabisa.

Kwa jua na upepo wa miezi hii, uji wa saruji unakauka hata hujamaliza kusawazisha marumaru kwa pima maji. Jirani anasema marumaru hizi ngumu karibu hazinyonyi maji, kwa hiyo saruji tupu haizishiki. Zinataka gundi ya marumaru, ile ya unga inayouzwa kwa mfuko, na mwiko wenye meno. Mwingine analaumu udongo wa mfinyanzi unaotanuka wakati wa mvua. Mimi namwamini wa kwanza, maana sakafu haina ufa.

Mama mkwe anakuja kukaa kwetu kwa matibabu na miguu yake inamsumbua, naogopa sana asijikwae. Nibandue sebule nzima au zinazolia tu? Na gundi itashika juu ya mabaki ya saruji, au lazima niyachimbe yote kwanza?