Nimepewa mbwa anaitwa Mtanikoma, nimbadilishe jina au niache? (Nyakato, Mwanza)

Baba Doto
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wazoefu wa mbwa, ishu yenyewe inachekesha ila kwangu imeshaanza kuwa kero.

Kuna kaka mmoja tunafahamiana kitambo, alikuwa anakaa kule juu kwenye mawe Igogo, kahamishiwa Dodoma kikazi na nyumba aliyopata huko mwenye nyumba hataki mbwa, akaniambia mdogo wangu chukua huyu usije ukamwacha akazurura. Mbwa mzuri aisee, dume, rangi ya kahawia, kifua kipana, ana kama miaka mitatu hivi, habweki hovyo, watoto anawapenda, usiku mtu akigusa tu bati yeye ameshafika. Tatizo ni jina. Anaitwa Mtanikoma. Huyo kaka alikuwa na mgogoro wa kiwanja na ndugu zake, walikuwa wanakaa ukuta kwa ukuta, sa akaona meseji aifikishe kupitia mbwa.

Huko Igogo walioambiwa walikuwa wanajijua. Mi huku Nyakato sina ugomvi na mtu! Jioni nimesimama getini naita "Mtanikomaaa, we Mtanikoma njoo hapa", mama jirani alikuwa barazani kwake anapepeta dagaa, ungo ukasimama hewani, akaniangalia kuanzia juu mpaka kwenye ndala, kisha akaingia ndani na ungo wake bila neno. Tangu siku hiyo salamu yake ni ya kichwa tu. Na wiki hii kaleta kitoto cha mbwa kakiita Tumekuzoea. Anamwita kwa sauti mpaka bondeni huko wanasikia, na mbwa mwenyewe yuko hapo hapo miguuni kwake kalala.

Waifu yuko naye kikoba kimoja na mkopo wetu haujapitishwa bado, kwa hiyo naambiwa kila siku ndani ya nyumba nibadilishe jina. Maswali yangu: mbwa mkubwa hivi anaweza kushika jina jipya? Hatachanganyikiwa? Na kuna mzee kaniambia kubadilisha jina la mbwa ni nuksi, anakimbia nyumba. Nawasilisha.

Ngosha wa Buhongwa
Hahahaaa Tumekuzoea! Mkuu huyo mama usimbadilishie jina, muongezee mbwa wa pili. Nimecheka mpaka abiria wa pembeni ameniuliza kulikoni.

Mama Wawili Pasiansi
Baba Doto usisikilize wanaokuchochea. Mimi nilichukua mbwa aliyeitwa jina la mkwe wangu (yaani jina lile lile kabisa, na mkwe alikuwa anakuja kukaa mwezi mzima), nikambadilisha na akashika vizuri. Ila ilibidi nyumba nzima tukubaliane. Kilichosumbua ni dada wa kazi na watoto, huyu anamwita la zamani, huyu jipya, huyu kampa lake la tatu, mbwa wa watu anabaki anaangalia midomo. Mkeshaamua hilo jipya hakuna kurudi nyuma, na mlinzi au muuza maziwa anayezoeana naye mwambieni pia.

chuma_ulete
Mimi napinga. Jina la mbwa ni usalama wake. Mbwa wangu alichomoka getini akaelekea barabara kubwa, na lori linakuja, nilimwita jina jipya tulilompa na hakugeuka hata sikio, shemeji yangu akapiga kelele jina la zamani, akageuka pale pale na kurudi. Tangu hapo mi na majina mapya basi. Majirani watazoea, wakikasirika si wanunue pazia.

Mtu wa Chanjo
Mwangaluka wote. Mi nafanya kazi za mifugo huku Ilemela, ngoja niongee kidogo maana hapa kuna mambo yamechanganywa.

Kwanza mbwa hajui kwamba Mtanikoma ni jina lake kama wewe unavyojua lako. Kwake ni sauti, ikisikika anajua kuna jambo linamhusu yeye, chakula, kutoka, kuitwa. Ile sauti ikibadilika na nyingine ikafundishwa vizuri, anaifuata, hata akiwa na miaka saba au nane. Mzee aliyesema nuksi mwache na nuksi zake, mbwa anayekimbia nyumba mara nyingi ni kwa sababu ya njaa, kipigo, au anafuata jike.

Pili, mbwa amehama nyumba juzi tu. Wenzetu Ulaya na Marekani wanaochukua mbwa kutoka vituo vya kulelea wana kanuni wanaitumia sana, siku 3 za kutulia, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 ya kujiona yupo kwao. Sio sheria ya msumari ila inakupa picha. Kwa hiyo usianze na jina siku ya kwanza, mwache kwanza ajue anakula wapi na analala wapi. Wewe naona hizo siku za mwanzo zimeshapita, unaweza kuanza.

Namna yenyewe: chukua dagaa wakavu mfukoni, sema jina jipya, akikuangalia tu mpe dagaa. Mara chache chache tu asubuhi na jioni, asichoke. Usiseme jina mara kumi mfululizo kama konda, sema mara moja usubiri. Kisha siku za mwanzo unganisha mawili, jipya linatangulia la zamani linafuata, halafu la zamani unalipunguza sauti mpaka linaisha. Na usilitumie jina jipya kumkaripia hata siku moja, ukitaka kumkaripia sema "acha" inatosha. Mbwa wengi hawaitiki kwa sababu jina lao limekuwa tangazo la kipigo.

Na chuma_ulete ana hoja. La zamani usilifute, liweke akiba kwa dharura. Mbwa anaweza kubeba yote mawili.

Jina liwe fupi, silabi mbili zinatosha, na lisifanane na amri unazotumia kila siku. Usimwite Kaka kama unamwambia "kaa", utamchanganya bure.

Baba Doto
Mtu wa Chanjo ubarikiwe sana. Hapo kwenye dagaa umenigusa, vipi mapanki ya sangara (yale mabaki baada ya kutoa minofu), nayo sitakiwi kumpa? Maana huyo kaka alikuwa anampa mapanki toka Mwaloni kila jumamosi.

Mtu wa Chanjo
Minofu iliyobaki kwenye panki haina shida, shida ni mifupa ile, inakwama kooni au kuchoma utumbo. Chambua au chemsha usage uchanganye na ugali wa dona. Dagaa ni salama zaidi ila wasiwe wa chumvi, na mchanga upepete kama jirani yako anavyopepeta.

Binti wa Kagondo
Mi nafuga paka huku Bukoba. Kwa paka badilisheni tu hakuna atakayejali. Watafiti wa Japan mwaka 2019 walitoa utafiti kwamba paka anatofautisha jina lake na maneno mengine hata yakiwa na urefu ule ule, analijua kabisa, ila sasa kuja ndio hiari yake. Wangu anaitwa Malkia, akiitwa anasogeza sikio moja tu.

Ustaadhi Mdogo
Kubadilisha ni vyema, hilo jina lina uchochezi na maneno huumba. Ila angalizo, msimpe mbwa jina la mtu, hasa majina ya mitume na watu wa dini, mtaani utaumiza wengine bila kukusudia na utarudi hapa kuomba ushauri upya.

dagaa_mchele
Tatizo wote mnaongelea kubadilisha na hakuna aliyeleta jina. Mi nashauri jina linalokaribiana sauti, ili asipate shida. Mtanikoma ukilitamka kwa kuita, uzito wote uko pale mwisho, -KOma. Kwa hiyo tafuteni kitu chenye -oma. Mi naleta Igoma. Sikiliza, mtan-ikoma, Igoma. Karibu ni ile ile!

Ngosha wa Buhongwa
dagaa_mchele una akili halafu huna. Mtu anakaa Nyakato, barabara ya Musoma hiyo hapo, makonda kutwa "Igoma Igoma Igoma Kisesa". Huyo mbwa si atapanda Hiace?

Kijana wa Igoma
Na sisi wakazi tunaomba heshima. Kata nzima ipewe mbwa?

Mkurya Mpole
Halafu mkiondoa tu ile "mtan" mwanzoni inabaki Ikoma, ambayo ni geti la Serengeti na watu wake wapo, nawajua na hawana utani na mambo ya mbwa. Ruka hapo.

dagaa_mchele
Basi Roma. Soma. Boma. Chagua hapo.

Baba Doto
Wakuu mrejesho mfupi. Soma nimelijaribu leo kwa sababu mwanangu wa darasa la pili alilipenda, ila kila nikiita "Soma!" mwenyewe ananuna anadhani anaambiwa yeye achukue daftari, na dogo wa jirani kaanza kuninukuu kwa baba yake kwamba baba Doto anasomesha mbwa. Nimeliacha. Roma mamsapu kakataa, anasema Ustaadhi kaonya kuhusu dini na yeye ni Mkatoliki. Boma mbwa mwenyewe hakugeuka kabisa, sijui kwanini.

Mtu wa Chanjo
Boma huenda hajalizoea tu. Mbwa anasikia sauti kali kuliko sisi, sikio la mtu linaishia kwenye mawimbi kama elfu 20 kwa sekunde, yeye anafika kama elfu 45, lakini hiyo haimaanishi atakurupukia kila neno. Halafu usikate tamaa kwa jaribio la siku moja. Ulikuwa na dagaa mkononi?

Baba Doto
Dagaa walikuwepo, watoto walikuwa wanakula pia.

sharobaro_Mabatini
Oyaa mnahangaika nini. Noma. Mbwa anaitwa NOMA. Mwisho ni -oma, fupi, mwizi akisikia "Noma kamata" anapotea mwenyewe. Imeisha hiyo.

Mama Wawili Pasiansi
Kwa mara ya kwanza kijana wa Mabatini kaongea kitu. Baba Doto hilo lichukue, na mpelekee jirani taarifa kistaarabu kabla hajasikia akadhani na hilo linamhusu. Mwambie kabisa, dada yangu huyu mbwa nilimkuta na jina, mwenyewe alikuwa na mambo yake na ndugu zake huko Igogo, mimi hapa naomba radhi kwa kelele. Mwanamke akiambiwa mapema hana shida, kinachomuuma ni kuachwa akisie. Na usiende mikono mitupu.

chuma_ulete
Yaani mbwa wa kwako, jina sio la kwako, na bado uende na sukari kilo mbili kuomba radhi? Mji huu umeharibika.

Mama Wawili Pasiansi
chuma_ulete wewe huna kikoba ndio maana.

Baba Doto
Mrejesho kwa wote. Noma limekubalika nyumbani. Nimefanya kama Mtu wa Chanjo alivyoelekeza, dagaa mfukoni mpaka suruali inanuka, "Noma Mtanikoma" nikiwa ndani ya geti kwa sauti ya chini, sasa hivi nikisema Noma peke yake kwenye uwanja anainua kichwa na kuja, akiwa nje barabarani bado inategemea na anachonusa. La zamani nimeliacha la dharura kama mlivyosema, na nimewakataza watoto kulitaja hovyo.

Kwa jirani nilienda na waifu, na sato wawili wabichi badala ya sukari. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo hukuwa unanisema kuhusu ule ukuta?" Mi hata ukuta sikuwa naufahamu! Kumbe fundi wake alivuka mpaka kwa kama futi moja hivi wakati mi bado sijahamia, na amekaa na hiyo kitu moyoni kumbe ndio maana ungo ulisimama. Sasa hapo kwenye ukuta nitafungua uzi mwingine, jukwaa la ardhi.

Ngosha wa Buhongwa
HAHAHAHA mbwa kafanya kazi ya afisa ardhi!!

Mtu wa Chanjo
Safi. Kitu kimoja usisahau, muombe huyo kaka wa Dodoma akutumie kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama mwaka umepita achanjwe tena, na kama kadi imepotea hesabu kwamba hajachanjwa. Kwenye kadi mpya muandikishe Noma, pembeni pawekwe jina la zamani na rangi yake, siku akiuma mtu au akipotea kadi isije ikawa ya mbwa mwingine. Halmashauri nyingi huwa wanachanja bure kuzunguka Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, sikilizia tangazo la mtaa wenu.

Baba Doto
Kadi nimeshaomba kwa WhatsApp, katuma picha. Chanjo bado ipo hai. Ila mganga wa mifugo wa kule aliona aibu kuandika jina zima, kaandika "M. Koma".

Mkulima wa Kisesa
Mkuu samahani natoka nje ya mada, hilo dume lako naona lina sifa nzuri. Mi nina jike hapa Kisesa linatafuta mume, halina shida yoyote, chanjo zote lina. Linaitwa Mtajua Hamjui.

Baba Doto
Njoo PM ila huku kwetu mkija mwite Mtajua tu.