Vijana Waaborijini wafundishwe kunyoa kondoo, halafu iweje?

Mleta mada:
Wakuu, Australia ndiyo inayoongoza duniani kwa sufu ya merino, kondoo wa sufu laini, lakini wanyoaji wamekuwa wa kutafuta kwa tochi. Korona ilipofunga mipaka mwaka 2020, wanyoaji wa New Zealand waliozoea kuja kila msimu walikwama kwao, pengo likaonekana. Dawa moja inayotajwa: wafundisheni vijana wasio na ajira wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia.

Siyapingi mafunzo, nauliza yanaishia wapi. Banda la kunyolea lina ngazi zake. Wa chini anazoa sufu ya kondoo mzima sakafuni, anairusha mezani itandazike kama shuka, anabandua kingo zenye kinyesi na miba, kisha mbio na ufagio kabla kondoo mwingine hajaburutwa. Wa juu ni mpanga madaraja ya sufu. Huyo anachomoa kishungi cha sufu, anakivuta karibu na sikio asikie kama kinakatika, ndipo aamue kiende robota lipi. Ana muhuri wake uliosajiliwa, na unapigwa kwenye robota linaloenda mnadani. Kozi fupi inakupa ufagio. Muhuri unataka masomo marefu, sasa nani atayalipia?

Tena hawa si wageni wa kondoo. Tarehe 1 Mei 1946 mamia ya Waaborijini waligoma kwenye mashamba ya Pilbara, kaskazini mwa jimbo la Western Australia, wengi wao wakiwa wamezoea kulipwa unga, chai, tumbaku na visenti. Mgomo ulifika 1949. Mwaka 2023 ndipo serikali ya Western Australia ilipokubali kutoa hadi dola milioni 180.4 za huko kufidia mishahara ambayo wafanyakazi Waaborijini hawakulipwa kati ya 1936 na 1972. Kijana akiambiwa "njoo shambani", anakumbuka na yaliyompata babu yake.

Fundi Cherehani:
Mkuu, historia naiheshimu ila unamkatisha kijana tamaa. Mnyoaji analipwa kwa idadi ya kondoo. Mwenye mkono mwepesi anakula vizuri, na hakuna anayemuuliza cheti cha sekondari. Vipindi vinne vya saa mbili kwa siku, mgongo unauma, lakini hela ni yako. Muhuri atautafuta mbele ya safari.

Mama Wawili:
Fundi, mbele ya safari ipi? Kikosi cha wanyoaji kinahama banda hadi banda, wiki nzima hujaona nyumbani. Kwa Waaborijini msiba si wa kuzika asubuhi na kurudi kazini mchana, na ndugu ni wengi. Kijana akienda kuzika, mwenye kikosi anaweka mwingine. Kabla ya mashine ya kunyolea, mkubaliane kuhusu ruhusa ya msiba. Bila hivyo mtafundisha watu wa kuacha kazi.

Mleta mada:
Mama Wawili umenena. Fundi, mkono mwepesi unamsaidia anayenyoa. Mzoa sufu halipwi kwa kondoo. Mfano ninaoupenda ni Murrayfield, kisiwa cha Bruny, Tasmania: shamba la merino lililonunuliwa kwa ajili ya Waaborijini, baadaye likaingia mikononi mwa shirika lao wenyewe, weetapoona. Hapo anayejifunza anaweza kuajiriwa na watu wake, na ruhusa ya msiba haombi kwa mtu asiyejua msiba wao ukoje. Mafunzo yaanzie kwenye mashamba ya namna hiyo, vikosi vya kuhamahama vifuate. Anayepinga alete hoja.