Schumer 70% New York 2016: kishindo gani wakati mlango ulishafungwa?

Wakuu, acheni kutuletea hiyo 70.6% ya kura alizopata Chuck Schumer, seneta wa Democratic wa jimbo la New York, Marekani, mwaka 2016, kama ushahidi wa mapenzi ya wananchi. Jamaa yuko kitini tangu alipomng'oa seneta wa Republican Al D'Amato mwaka 1998. Halafu 2016 Republican wakamletea Wendy Long, mama yule yule aliyegaragazwa na Kirsten Gillibrand, seneta mwingine wa New York, 2012 kwa 72 kwa 26. Kafara mara ya pili!

Ila uozo wenyewe uko kabla ya Novemba. Unataka kumpinga seneta ndani ya chama chake? Kamati ya chama ya jimbo isipokupa 25% ya kura zake, unaingia mtaani kusaka sahihi 15,000 ndani ya siku 37 ili jina lako liingie kwenye kura za maoni (mchujo wa ndani ya chama). Ziwe za wanachama wa chama hicho tu, tena angalau 100 kutoka kila wilaya ya ubunge, katika nusu ya wilaya zote. Kwa hiyo huwezi kuzijaza zote kutoka Brooklyn, sehemu moja tu ya Jiji la New York. Aliyeshamsainia mpinzani wako, kwako hahesabiki. Mawakili wa seneta aliyeko kitini wanapita mstari kwa mstari: huyu si mwanachama, futa, anwani haieleweki, futa. Ndiyo maana wazoefu hukusanya mara mbili ya idadi. Matokeo yake, 2016 Democratic hawakuwa hata na kura za maoni za useneta.

Na zingekuwepo, nani angepiga? Ni za wanachama pekee, tarehe 28 Juni 2016, na mwisho wa kuhama chama ulikuwa 9 Oktoba 2015. Miezi minane na ushei! Jimbo hilo hilo lilikuwa na kura za maoni siku tatu tofauti mwaka ule: Aprili, Juni, Septemba. Kura ya mapema ndiyo kabisa, wameianza 2019.

Novemba sasa: jina la Schumer kwenye mistari minne ya karatasi, kila mstari wa chama kimoja kilichomsimamisha: Democratic, Working Families, Independence na Women's Equality, na kura zote zinajumlishwa.

>> Mkuu usifiche, Long naye alikuwa na mitatu: Republican, Conservative na Reform.

Sawa, nakubali, na mitatu yote ikampa 27%. Basi tuongee hela. Mchangiaji mmoja alikomea dola 2,700 kwa kila uchaguzi, lakini seneta ana miaka sita ya kulimbikiza na akiba haina kikomo. Mpinzani anaanza na sufuria tupu. Na msiniambie habari ya ukomo wa mihula: Mahakama ya Juu ya Marekani ilishawakatalia majimbo kuwawekea ukomo wabunge na maseneta wao mwaka 1995, majaji 5 kwa 4.