Hamza na Afiya: je, mapenzi yameifunika historia?

Mwanzisha mada

Ndugu wasomaji, salamu za heshima kwenu nyote. Nimemaliza kusoma kwa mara ya pili Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, riwaya iliyotoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar hajapewa Tuzo ya Nobel, na ninaleta hapa suala lililotugawa sisi tuliokisoma kitabu hiki pamoja. Wapo wanaosema kwamba kilianza kama shtaka dhidi ya ukoloni wa Wajerumani kikaishia kuwa hadithi ya kijana na binti wanaotupiana macho uani. Kwamba baada ya maiti, njaa na misafara ya wapagazi, tumepewa posa na ndoa, na miaka ya baina ya vita viwili vikuu imegeuzwa kuwa pazia la nyuma la mapenzi. Mimi nipo upande wa pili, na ninaomba nipingwe kwa hoja.

Kwa asiyekisoma, kisa ni hiki kwa ufupi. Hamza aliwekwa rehani na baba yake kwa mfanyabiashara aliyekuwa akimdai, akatoroka na kujiandikisha kwa hiari yake katika jeshi la Wajerumani, na huko akawa mtumishi wa ofisa aliyemfundisha Kijerumani kwa tamaa kwamba siku moja aweze kumsoma Schiller, mshairi wa Kijerumani. Alitoka vitani akichechemea kwa jeraha la upanga, na aliyemjeruhi hakuwa adui bali Mjerumani wa kikosi chake mwenyewe. Afiya naye aliachwa mdogo mikononi mwa watu wa shamba, mpaka kaka yake Ilyas alipokuja kumchukua na kumfundisha kusoma na kuandika. Mwaka 1914 Ilyas alikwenda kuwapigania Wajerumani, akamrudisha binti kulekule alikomtoa, na mlezi wake alipogundua kwamba anajua kuandika alimpiga hadi akamvunja mkono. Maneno machache aliyoyaandika kwa siri kumwomba msaada Khalifa karani, rafiki wa kaka yake, ndiyo yaliyomwokoa.

Sasa tazameni wanavyokutana. Vita vimekwisha, nchi imebadilishwa jina na kukabidhiwa Mwingereza, na Hamza anarudi katika mji wa pwani bila ndugu wala mali, anapata kazi katika bohari na karakana ya useremala, kisha anapewa chumba nyumbani kwa Khalifa, anakoishi Afiya. Katika nyumba ile hakuna penye faragha. Kila kikohozi kinasikika na kila anayevuka ua anajulikana anakwenda wapi. Hamza anachukua shairi la Schiller, anaziweka beti zake katika Kiswahili, na kumwandikia Afiya katika kipande cha karatasi. Shairi lenyewe linamhusu mpenzi asiyeweza kusema neno kwa kuwa masikio ya watu ni mengi.

Hapo ndipo ninapoiona historia yote ikiwa imekaa juu ya karatasi moja. Kijerumani cha Hamza kilipatikana kwa udhalili, katika jeshi lililokuwa likichoma vijiji na kuchukua vyakula vya watu. Kusoma kwa Afiya kulilipiwa kwa mfupa uliovunjika. Barua ile isingeandikwa wala kusomeka bila majeraha hayo mawili. Anayesema kwamba mapenzi haya yanatuondoa katika ukoloni anieleze ni ukurasa gani wa vita unaotueleza zaidi ukoloni ulimwachia mtu nini mkononi.

Liko na jambo la pili, nalo wasomaji wengi wanalipita. Khalifa anapotaka kumjua Hamza, swali lake ni lile linaloulizwa pwani hadi leo: watu wako ni nani? Hamza hana jibu la kutoa. Sheria ya Tanganyika iliufuta utumwa mwaka 1922, lakini hakuna sheria inayoweza kumpa ukoo kijana aliyetolewa kwao kwa ajili ya deni, na mtu asiye na watu anatumwa na nani kupeleka posa? Mapenzi yao yanazuiwa na jambo hilo, na jambo hilo ni historia tupu.

Mwalimu wa historia, Tanga

Nimeisoma hoja yako kwa makini, ndugu mwanzisha mada, na ninakubali kwamba umeitetea barua ile vizuri kuliko nilivyowahi kusikia. Hata hivyo unajibu swali ambalo sisi tunaolalamika hatukuliuliza. Hatusemi kwamba mapenzi hayana historia ndani yake; tunasema kwamba historia iliyochaguliwa ni ile inayoingia uani, na iliyobaki nje ya ukuta imepitwa kwa haraka.

Miaka ile haikuwa miaka ya kimya. Mwingereza alipokabidhiwa Tanganyika chini ya Shirikisho la Mataifa, alikuja na kodi ya nyumba na ya kichwa iliyowasukuma wanaume kwenda kukata mkonge. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alijenga utawala wa kupitia machifu, na alama zake tuliendelea kuishi nazo muda mrefu. Mwaka huohuo Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na wengi walirudi. Mwaka 1929 watumishi na makarani wa Dar es Salaam walianzisha chama cha African Association, na muda si mrefu bei ya mkonge ikaanguka pamoja na uchumi wa dunia. Katika riwaya hii utawala wa Mwingereza unasimuliwa kwa muhtasari, kama mtu anayesoma ripoti ya mwaka, kisha tunarudishwa barazani kwa Khalifa kusikiliza porojo za rafiki zake, Maalim Abdalla na Topasi. Barazani pale mimi ninafurahi, sikatai. Lakini mwanafunzi wangu akitoka katika kitabu hiki atakuwa anajua Hamza alimpendaje Afiya, asijue Hamza alilipaje kodi.

Tena kuna suala la wapagazi. Waliokufa upande wa Mwingereza peke yao wanakadiriwa na wanahistoria kukaribia 100,000, na jina la Kariakoo ndilo kumbukumbu yao kubwa kwetu, ingawa anayekwenda kununua vitambaa pale hafikirii kwamba anatamka jina la kikosi cha wabeba mizigo. Nani kati yao amepewa mpenzi, nyumba na mtoto katika riwaya hii? Aliyepewa ni askari. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni nayo ilipotaka kuwakumbuka watu wa vita vile katikati ya Dar es Salaam, ilisimamisha askari wa shaba mwenye bunduki. Sipendi kuona fasihi yetu ikifuata njia hiyohiyo, hata kama askari wake ni mpole na anajua mashairi.

Msomaji wa Mombasa

Mwalimu wangu, na wewe kaka mwenye mada, mimi naona nyote wawili mmemsoma Afiya kama kwamba ni zawadi aliyowekewa Hamza mwisho wa safari yake. Katika kikundi chetu cha kina mama wasomaji tulibishana jioni nzima, na ugomvi wetu haukuwa wa kodi. Wapo walioona aibu kwamba Afiya anaingia chumbani mwa Hamza kabla ya ndoa, na mmoja wetu, mwalimu wa madrasa anayeheshimika sana mtaani, alisema waziwazi kwamba kitabu hiki asingempa bintiye. Mimi nilimjibu kwa adabu kwamba Afiya ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyewahi kupigwa kwa sababu ya kujiamulia jambo, na bado anajiamulia. Nilipofika ukurasa ule sikuona uchafu. Niliona binti ambaye hana wa kumsemea na ameamua kujisemea.

Lakini ninayetaka kumtetea zaidi ni Bi Asha, mke wa Khalifa, ambaye kila mtu anamchukia. Ni mkali, ana ulimi mchungu, na anamwona Afiya kama tishio ndani ya nyumba kwa kuhofia kwamba Khalifa atamfanya mke wa pili. Je, mmekumbuka kwamba nyumba ile ilikuwa ya baba yake, na kwamba ilikwenda mikononi mwa mjomba wake, Amur Biashara, kwa njia ya rehani? Yeye anaishi kama mgeni katika nyumba iliyokuwa ya kwao, hakujaliwa mtoto, na mumewe ni mtu aliyechaguliwa na mjomba huyohuyo. Hamza alitolewa kwa ajili ya deni la baba. Bi Asha alipoteza kwao kwa ajili ya deni la baba. Deni ndilo lililowakusanya watu hawa chini ya dari moja, na deni hilo halikuletwa na Mjerumani wala Mwingereza, bali na wafanyabiashara wetu wenyewe wa pwani, wenye kanzu na tasbihi. Mwalimu anatafuta uchumi nje ya ukuta, na mimi namwambia uchumi umekaa jikoni, umenuna.

Langu la kulalamikia ni lugha. Barua ya Hamza imetoka Kijerumani ikaingia Kiswahili, nasi tunaisoma ndani ya kitabu cha Kiingereza, ambacho hakina njia ya kuonyesha jinsi Afiya anavyobadilisha sauti anaposema na Bi Asha, na anapozungumza na Hamza peke yake. Ida Hadjivayanis alipoitafsiri riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994 kwa jina la Peponi, tuliona jinsi mazungumzo ya watu wale yanavyokaa vizuri yakirudi kwao. Mapenzi ya pwani yamo zaidi katika namna mtu anavyoitwa kuliko katika anachoambiwa.

Msomaji aishiye Berlin

Naomba niingie kwa jambo moja tu, kwa sababu ninakaa karibu na mahali linapohusika. Hamza na Afiya nimewapenda. Lakini kama hoja ya mwanzisha mada ni kwamba mapenzi yanaweza kuufichua ukoloni, basi mapenzi yaliyostahili kusimuliwa kwa urefu ni ya Ilyas, nayo ndiyo yaliyobanwa katika kurasa za mwisho. Kaka huyu anapotea katika hadithi kwa muda mrefu mno, kisha mwishoni mpwa wake, aliyepewa jina lake, anakwenda Bonn kwa masomo katika miaka ya 1960 na kugundua kwamba mjomba alifika Ujerumani, akaandamana na waliotaka makoloni yarudishwe, akahukumiwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Mambo ya namna hii yalitokea kweli. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana huku kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumika katika jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, akafika Berlin mwaka 1929 na kudai malipo ya vita yaliyobaki. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza nafasi ndogondogo katika filamu, akakamatwa mwaka 1941 kwa sababu ya mwanamke Mjerumani, na akafariki Sachsenhausen Novemba 1944. Leo liko jiwe dogo la ukumbusho lenye jina lake katika njia ya waenda kwa miguu hapa mjini. Kisa kizito kama hiki kinahitaji riwaya nzima. Ndani ya Afterlives kimekuja kwa mwendo wa taarifa ya habari, na sidhani kwamba ni uchoyo kwa msomaji kudai zaidi.

Mwanzisha mada

Ninawashukuru. Kwa ndugu wa Berlin nitakubali nusu: kurasa za mwisho zina haraka, na mara ya kwanza nilipozisoma nilidhani nimeruka sura. Nusu ya pili siikubali. Tunamfahamu Ilyas kwa kadiri ile ile Afiya anavyomfahamu. Yeye anaolewa, anaharibikiwa mimba, anazaa, anampa mtoto jina la kaka, na muda wote huo hajui kama wa kumngojea yu hai. Kama tungekuwa Ujerumani pamoja na Ilyas muda wote huo, kungoja kwa Afiya kungekuwa mchezo kwetu, maana tungejua asichokijua yeye. Hata yale maradhi ya mtoto, anaposikia sauti ya mwanamke ikimwulizia Ilyas, hadi watu wanaleta mganga wa pepo, yasingetutisha hata kidogo.

Bi wa Mombasa amenishinda kuhusu deni. Niliiona rehani ya Hamza, sikuiona ya Bi Asha, na sasa inanibidi nirudi kusoma upya kila anapofungua mdomo.

Kwako Mwalimu, askari wa shaba wa Dar es Salaam amesimama na bunduki, lakini Hamza, tangu arudi, anashika randa na msasa, na juu ya vita anasema kidogo sana, hata kwa mkewe mwanzoni. Sidhani kwamba sanamu na riwaya zinafuata njia moja. Kuhusu kodi sina la kukujibu. Ningependa kuiona.

Mwalimu wa historia, Tanga

Nashukuru kwa uungwana wa jibu lako, ingawa randa haimfanyi askari kuwa mpagazi, na dai langu linabaki palepale. Nimeamua kufanya hivi: wiki ijayo nitawasomea wanafunzi wangu wa kidato cha sita sehemu ile Khalifa anapomuuliza Hamza juu ya watu wake, nikiwatafsiria mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wangu, kisha niwape hati za kodi za miaka ya 1920 na niwaombe wamwandikie Hamza jibu ambalo hakulitoa. Watakachoandika nitakileta hapa, na Bi wa Mombasa nitamwomba awe msahihishaji, hasa wa namna kijana wa wakati ule alivyopaswa kumwita mzee aliyempa chumba.