Eti "nimesahihisha kosa la mwandishi"! Yule mfasiri aziache yuri za watu wazima

Mla_Wino (mleta uzi)

Wakuu, simtaji. Mnamjua wote, na akipita hapa atajijua.

Sura ya 7 ya ile yuri ya ofisini (yuri ni manga, yaani katuni za Kijapani, za wanawake wanaopendana) imetoka usiku wa kuamkia leo, kwa tafsiri yake. Fungueni ukurasa wa mwisho kabla hamjala.

Sura sita nzima yule binti wa mauzo anamwita mwenzake "senpai", yaani aliyemtangulia kazini. Kwenye lifti, senpai. Kwenye kikao, senpai. Kwenye kibanda cha yakitori (mishikaki ya kuku), bia ya pili, bado senpai. Wako chini ya mwavuli mmoja, mabega yamegusana, senpai! Mwandishi amelibania jina la yule mkubwa kama mwenye duka anavyobania chenji.

Halafu sura ya 7, ukurasa wa mwisho. Fremu moja imekula ukurasa mzima. Nyuma hakuna dirisha, hakuna toni ya kijivu, hata mstari wa ukuta haupo. Uso tu, mdomo umefunguka kidogo, na kiputo kimoja kidogo kama punje ya mahindi. Ndani yake herufi tatu za kana, mwandiko wa Kijapani. Jina lake. Jina kavu, bila senpai, bila -san ya heshima.

Yule bwana ameandika: "DADA."

Na pembeni, kwenye ukingo mweupe, kwa fonti ndogo kama masharti ya mkopo wa simu: "Msemaji amebadilisha jina ghafla, nimesahihisha kosa la mwandishi."

NIMESAHIHISHA. Kosa. La mwandishi.

Mtu amechora kurasa zaidi ya 150 ili afike kwenye herufi tatu, wewe umezifuta na kumwandikia maksi pembeni kama mwalimu wa zamu!

Kwa wageni: Kijapani kina ngazi za kuitana. Mtu anayeitwa Sato Emi, kazini ni Sato-san, maana ofisini watu huitana kwa jina la ukoo. Mkizoeana sana, labda Emi-san. Emi peke yake, bila kiambishi chochote, kuna neno lake kabisa, yobisute, na anayekuita hivyo ni mzazi wako, rafiki wa utotoni, au mtu mnayelalia mto mmoja. Ndiyo maana kwenye yuri za ofisini kuitwa jina ni tukio kubwa kuliko busu. Busu mtu anaweza kulisingizia pombe. Jina atalisingizia nini?

DADA. Amemkazia macho, anatetemeka, sekunde moja kabla hajambusu, anamwita DADA.

Sijagusa kwamba kurasa amezigeuza kama kioo. Sijagusa "rafiki". Leo nina moja tu.

Kobe_wa_Juzuu

Mkuu punguza munkari, umeandika kama umeporwa kiwanja. Neno moja tu hilo.

Bi_Nukta

Si neno moja, Kobe. Yule bwana ana ugonjwa. Chukua ile hadithi aliyoifasiri kabla ya hii, ya wale wawili wanaokaa nyumba moja. Saa ya chakula cha mchana mhasibu anamuuliza mmoja wao, "kareshi iru?" Kareshi ni mpenzi wa kiume. Naye anajibu "inai", hayupo. Hajasema uongo! Mwanaume kweli hana. Ana mwanamke, yuko nyumbani anaanua nguo, na msomaji anajua. Utamu wote wa ukurasa ule uko hapo: kajificha bila kumkana mwenzake.

Yeye kaandika: "Una mpenzi?" "Sina."

Basi. Mwanamke mkweli kageuka msaliti kwa maneno matatu. Kiswahili chetu hakitaji jinsia kwenye nafsi. Yeye ni yeye, mpenzi ni mpenzi. Kwa hiyo pale Kijapani kinapotaja jinsia, ni kazi ya mfasiri kuirudisha kwa mkono. "Una bwana?" "Sina." Imekwisha. Tena ni fupi zaidi, kiputo kinapumua.

Na "kanojo" ndiyo kabisa. Neno hilo hilo ni "yeye" wa kike na ni "mpenzi wa kike". Waandishi wanacheza na huo utata makusudi: mtu anasema "kanojo", msikilizaji wa ofisini anasikia "yule dada", sisi tunasikia "mpenzi wangu". Yule bwana kila mahali ni "rafiki". Wana miaka minne kitanda kimoja, rafiki!

Fremu_Tupu

Hiyo ya kugeuza kurasa ndiyo ilistahili uzi. Manga inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, juzuu unalifungua kwa kile tunachokiita nyuma. Wachapishaji wa Marekani waligeuza kurasa sana miaka ya 1980 na 1990, wengi wakaacha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yeye ndiyo kwanza anaanza.

Fungua sura ya 5, tamasha la fataki. Wamevaa yukata, ile kimono nyepesi ya kiangazi. Yukata na kimono huvaliwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, mwanamke kwa mwanamume. Ukigeuza ukurasa, kulia kunakuja juu. Na kulia juu ya kushoto ndivyo Wajapani wanavyomvika MAITI. Yaani fataki zinalia angani, wawili wameshikana mikono kwa mara ya kwanza, na wote wamevikwa kwa ajili ya mazishi yao wenyewe.

Na kwenye hadithi yenye mwanamke aliyeolewa, pete iko kidole cha mkono wa kushoto. Mwandishi anaionyesha akishika glasi, anaificha chini ya meza, akiivua anaiweka kwenye sahani ya sabuni. Sasa imehamia kulia. Magari nayo yanapita kulia, wakati Japani wanaendesha kushoto kama Dar na Nairobi.

Kobe_wa_Juzuu

Fataki za marehemu, nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Shabiki_Mtulivu

Naomba nimtetee kidogo. Dada Bi_Nukta, sisi huku mtaani tunamwita kila mwanamke dada, hata muuza vitumbua. Senpai ni mtu aliyekutangulia kazini. "Dada" si mbaya kihivyo.

Mla_Wino

Usiliandike hilo neno kwenye uzi wangu leo.

Na hujasoma. "Dada" kwa senpai sikatai, nimeivumilia sura sita. Tena ingesaidia! Ukimwita dada, dada, dada, halafu siku moja unatamka jina lake, msomaji wa Kiswahili moyo unampiga paa. Njia alishaitengeneza mwenyewe, akafika mlangoni akarudi. Ndiyo maana nalia na ukurasa WA MWISHO. Herufi tatu. Kiputo kama punje. "Nimesahihisha."

Mzee_wa_Toni

Mnapigana na maneno, hamjaangalia picha. Sketi za ofisini zote zina mawimbi kama bati la kibanda. Sababu ni hii: kijivu kwenye manga si kijivu, ni toni, yaani nukta nyeusi zilizopangwa. Ukipunguza ukubwa wa skani, nukta zinagongana na gridi ya pikseli, yanazaliwa mawimbi. Yeye anapunguza kwanza, anasafisha, anahifadhi JPEG, anafungua tena, anapunguza tena. Mara tatu!

Fanya hivi. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, rangi ya kijivu. Nyoosha ukurasa. Safisha viputo. Chora upya palipofutwa. Weka maneno kwenye leya yake. Mwisho kabisa tia ukungu kidogo kwenye leya ya picha, maneno usiyaguse, punguza ukubwa MARA MOJA, hifadhi PNG. JPEG inaacha vumbi kuzunguka kila mstari mweusi, na kwenye fremu nyeupe kama ile ya sura ya 7 vumbi linaonekana kama kidevu kina ndevu.

Bi_Nukta

Na maneno yenyewe anavyoyabana! Kijapani huandikwa wima, kwa hiyo viputo ni virefu na vyembamba. Kiswahili kinakwenda kwa ulalo na vitenzi vyetu ni treni. NINGEKUAMBIA ni herufi 12, kiputo kina nafasi ya saba. Yeye anaikamua fonti mpaka inakuwa kama meno ya kitana, au anakata popote: NINGEKUAM/BIA. Mpenzi wake anamletea bia?

Kata penye kiungo cha neno: NINGE-/KUAMBIA. Au badilisha sentensi, "NILITAKA / USIKIE". Na "suki", neno lao la kupenda, msiitafsiri kwa kulala. "Suki" haina -ku- ndani yake. Mtu anaweza kusema "suki" akiangalia sahani ya tambi, na mwenzake akabaki hajui kama kapendwa yeye au tambi. Ukiandika "nakupenda" utata umekufa. Andika "napenda", acha hapo, achia nukta tatu.

Kesho_Juzuu

Kwanza hadithi yenyewe si yuri. Yuri ni ile iliyotoka kwenye Comic Yuri Hime, jarida la yuri tangu 2005. Hiyo yenu iko kwenye jarida la wanawake la kawaida.

Fremu_Tupu

Aisee. Kwa hesabu yako mchoraji Shimura Takako naye umtupe nje? Otona ni Natte mo ilitoka kwenye Kiss, jarida la wanawake, kuanzia 2019 mpaka 2023, juzuu 10. Ayano ni mwalimu wa shule ya msingi, ana mume, anampenda Akari. Wanawake wawili wazima wanapendana juzuu kumi, wewe unauliza muhuri wa jarida.

Kesho_Juzuu

Muhuri una maana, mkuu. Majarida ya yuri yalipigania nafasi. Yuri Shimai lilianza 2003, 2004 likafa, Yuri Hime likabeba mzigo.

Kobe_wa_Juzuu

Basi hata hadithi ya mchoraji Tamifull si yuri, maana ilianzia mtandaoni Ura Sunday 2018. Wapenzi wake, Miwa na Saeko, wanaachana bure.

Shabiki_Mtulivu

WANAACHANA???

Bi_Nukta

Kobe, Mungu anakuona.

Shabiki_Mtulivu

Nilikuwa juzuu la pili jamani. La PILI.

Fremu_Tupu

Pole mkuu, endelea tu kusoma, kuachana kwao ndiko kunaifanya hadithi iwe ya watu wazima. Zile za shule zinaishia kwenye "nakupenda", hii inauliza kesho yake nani analipa umeme.

Wino_Mkavu

Tukiwa kwenye malalamiko, mimi nina langu. Wafasiri wote, si yule tu, wakikutana na cheti cha wapenzi cha Shibuya, wilaya ya Tokyo, wanaandika "cheti cha ndoa". Si ndoa! Shibuya na Setagaya walianza kuwatambua wapenzi wa jinsia moja Novemba 2015, na ni utaratibu wa manispaa. Sheria ya nchi haiwatambui kama wanandoa, mwenzako akifa huwezi kumrithi kwa cheti hicho. Waandishi wanalijua hilo, ndiyo maana wahusika wanaishika ile karatasi kwa furaha na hofu pamoja. Ukiandika "ndoa", hofu inabaki haina sababu, msomaji anadhani mchoraji kakosea uso. Andika "cheti cha ushirika" na ueleze mara moja ukurasa wa mwisho wa juzuu, si kwenye ukingo wa fremu.

Mla_Wino

Ukingo wa fremu! Asante! "NIMESAHIHISHA KOSA LA MWANDISHI", kwenye ukingo wa fremu! Turudi hapo tafadhali.

Kesho_Juzuu

Mbona Nomoto na Kasuga wa ile manga ya Tsukuritai Onna to Tabetai Onna wanaitana kwa jina la ukoo na -san, wanapikiana, na wanapendana vizuri tu? Jina si kila kitu.

Mla_Wino

Na pale -san ndiyo yenyewe! Wanawake wawili wazima, majirani, heshima ndiyo lugha yao. Mfasiri akiiondoa pale ameharibu vile vile. Kinachotakiwa ni kufuata alichokipanga mwandishi. Akibana, bana. Akiachia, ACHIA.

Bi_Nukta

Hapo nakuunga mkono. Sasa milio nani anaizungumzia? "Doki doki" anaiacha vile vile na Kiswahili kimejaa milio. Moyo: du, du, du. Kimya cha "shiin": zii. Kutetemeka: ti ti ti. Lugha yetu imebarikiwa milio, na bado anaandika "sauti ya moyo" kwa mabano juu ya kifua cha mtu.

Wino_Mkavu

Zii kwa shiin nimeipenda. Ila usifute mlio wa Kijapani kama umechorwa juu ya nywele, utatumia saa mbili kuchora nywele upya. Weka wa Kiswahili mdogo pembeni.

Fremu_Tupu

Mzee wa Toni, ule ukungu unaweka kiasi gani?

Mzee_wa_Toni

Kama unashusha ukubwa mpaka theluthi, anza na pikseli 1. Mawimbi yakibaki, nenda 1.5. Ukiona mistari ya nywele inalegea, umezidisha, rudi nyuma.

Fremu_Tupu

Sawa. Najaribu sasa hivi na ukurasa wa mwisho wa sura ya 7.

Mzee_wa_Toni

Ule hauna toni hata moja, mkuu.