Tupeane uzoefu: ulipopiga Windows upya, ulirudisha nini na ulisahau nini?

Kalamu Nyeusi
Wakuu, salamu kwenu. Juzi nimepiga Windows upya, yaani nimeifuta na kuiinstoli mwanzo. Laptopu ilikuwa inawaka, inafika kwenye nembo, inazima. Wiki mbili nzima ni hivyo hivyo. Diski ilikuwa nzima, kilichokufa ni mfumo. Nikatengeneza flashi ya Ubuntu (mfumo wa Linux unaoweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi) kwenye kompyuta ya rafiki, nikaiwashia laptopu bila kuinstoli kitu, nikahamishia mafaili yangu kwenye diski ya nje: Documents, Pictures, Desktop, Downloads. Nikakagua folda mara mbili, nikafomati.

Siku ya tatu nikakaa kuandika tasnifu, nikafungua Firefox. Bukumaki hakuna. Miaka minne ya kurasa nilizokusanya moja moja na kuzipanga kwa sura, zote zimekwenda na folda ya AppData, ile ambayo programu huwekea data zake na Windows huificha. Kwenye orodha yangu haikuwamo kwa sababu sijawahi hata kuiona.

Imeniuma sana. Naomba tupeane uzoefu: ulipopiga upya, ulirudisha nini, ulisahau nini, na ulikuja kugundua lini?

Bisibisi
Pole sana mkuu. Mimi ni fundi, na haya nimeyaona mara nyingi, ila moja halinitoki. Alikuja mwalimu na flashi, akasema, "Fundi, kazi zangu zote zimo humu, wewe futa tu." Nikafuta. Aliporudi kuchukua kompyuta, tukaichomeka flashi pamoja. Faili la kwanza likagoma. La pili likagoma. Nikatazama ukubwa: kila moja kilobaiti mbili, na kishale kidogo kwenye kona ya ikoni. Alikuwa amenakili njia za mkato (shortcut) za pale Desktop, zinazoelekeza tu faili lilipo. Mitihani yenyewe ilibaki kwenye diski niliyoifomati. Alikaa kimya muda mrefu ameshika ile flashi mkononi.

Ilikuwa diski ya kuzunguka, kubwa, na Windows mpya ilikuwa imekalia sehemu ndogo tu. Nikaichomoa isiandikwe kitu tena, nikaipitisha PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, kwenye kompyuta nyingine. Mafaili yalirudi bila majina yake, herufi f na mkururo wa tarakimu, maelfu kwa maelfu. Tulikesha siku mbili tukifungua moja moja. Tulipata mengi, si yote. Ingekuwa SSD, diski isiyozunguka, TRIM (amri inayoiambia isafishe sehemu zilizofutwa) ingeshasafisha na huenda tusingepata kitu.

Tangu siku ile sifuti kompyuta ya mtu mpaka tufungue mafaili yake matatu au manne kutoka kwenye bakapu, tena kwenye mashine nyingine kabisa.

Jani Kavu
Kalamu, kwa faida ya watakaofuata: Firefox ukiiandikia about:profiles pale juu, inakuonyesha folda ya wasifu wako (profile, inayotunza bukumaki, historia na paswedi zako) ilipo. Ifunge kwanza, kisha nakili folda yote. Bukumaki na historia zimo kwenye places.sqlite. Paswedi zimo kwenye logins.json, lakini ufunguo wake uko key4.db. Mimi nilirudisha logins.json peke yake nikapata orodha tupu, nikaamini zimepotea. Kesho yake nikaichukua key4.db kutoka bakapu ile ile, zikafunguka zote.

Kwa Chrome kwenye Windows usitegemee kunakili folda. Paswedi zake zimefungwa na akaunti yako ya Windows, na ukishapiga upya akaunti hiyo haipo tena. Zitoe kama faili kabla ya kufomati, ziingize upya, kisha lifute faili hilo, maana paswedi zimo wazi wazi.

Mzizi
Mimi ni mtu wa Linux, na kosa langu ni la upande wa pili: nilirudisha kila kitu. Nilichukua folda yote ya nyumbani nikaimwaga kwenye mfumo mpya. Mipangilio ya toleo la zamani ikagombana na toleo jipya, paneli ikawa haitokei, nikalaumu mfumo siku nzima. Nilipofungua akaunti mpya isiyo na kitu, kila kitu kikawa shwari. Tangu hapo nachagua: kazi zangu, picha, na folda za .ssh (funguo za kuingilia kompyuta za mbali), .gnupg (funguo za usimbaji) na .thunderbird (barua pepe). Programu nainstoli upya, naanza mipangilio mwanzo.

Flashi nayo iangalieni. FAT32, mfumo wa mafaili unaokuja kwenye flashi nyingi, haibebi faili la GB 4 na zaidi. Video ya harusi ya dada yangu ilikataa hapo hapo. Pia haitunzi ruhusa za Linux. Funguo za .ssh zilirudi zikisomeka na kila mtu, ssh ikazikataa mpaka nikazipiga chmod 600, amri inayomwachia mwenyewe tu kuzisoma na kuziandika.

Mgeni Njiani
Nyongeza fupi. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski nzima, hiyo flashi ya Ubuntu itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Utafute mapema, kompyuta ikiwa bado inawaka, uuandike kwenye karatasi.

Kalamu Nyeusi
Asanteni sana wakuu. Bisibisi, habari ya mwalimu imenigusa.

Nimefukua diski zangu za zamani usiku wa jana. Kwenye moja nimekuta nakala ya folda yangu yote ya mtumiaji, ya mwaka jana, na AppData imo. Ndani ya wasifu wa Firefox kuna folda ya bookmarkbackups, mafaili yake yanaishia na jsonlz4. Nimelichukua la mwisho, nikalirudisha kupitia dirisha la bukumaki. Tahadhari tu: likirudi linafuta bukumaki zilizopo, kwa hiyo zile chache mpya nilizihifadhi kando kwanza.

Sura ya kwanza na ya pili zimerudi kamili. Za sura ya tatu nilizikusanya mwaka huu, hazimo. Nimefungua rasimu, nazitafuta upya moja moja kwa kufuata marejeo niliyoyaandika chini ya kurasa. Leo nimepata kumi na moja.