Naomba ushauri: mmea wa kifauwongo umezua swali darasani

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nasomesha biolojia hapa Wete. Juzi mwanafunzi kaleta kifauwongo alichokichimba chini ya mikarafuu kwao, akakigusa, majani yakajikunja papo hapo. "Mwalimu, si ulisema mimea haina neva?"

Nikamweleza: mnyama hutumia neva na misuli, ila hapa maji hutoka ghafla kwenye seli za kitako cha jani, nalo likalala. Hakuridhika, kwani ishara ya umeme, kama ile ya kwenye neva, hupita hata ndani ya kifauwongo! Swali zuri mno, sitaki kulizima.

Nimepanda kunde ndani ya boksi lenye tundu moja, waone shina likipinda kufuata mwanga, lakini hilo huchukua siku. Maabara hatuna. Mliosomesha mada hii, jaribio gani la kipindi kimoja linaonesha waziwazi tofauti kati ya mwitikio wa mmea na wa mnyama?